Anafunga mzigo wapi? Kisa cha maduka ya Makorora na mzee wa jumla wa Ngamiani

Kisa chenyewe kiko hivi. Mwanzoni mwa 2024 wenye maduka kadhaa ya mtaani Makorora, hapa hapa Tanga mjini, waliacha kununua kwa mfanyabiashara wa jumla wa Ngamiani waliyekuwa wanachukua mzigo kwake miaka na miaka, wakaanza kuchanga hela na kumtuma mmoja wao Kariakoo kufunga mzigo, yaani kununua bidhaa za duka kwa jumla. Hesabu ilikuwa wazi, kila katoni Dar ni nafuu, sasa mtu wa katikati wa nini? Ukipita mwaka karibu wote wakawa wamerudi kwa yule yule mzee, wengine kwa aibu kidogo, na kilichotokea hapo katikati ndo nataka tukichambue, maana naona ukikielewa hiki utaelewa biashara ya rejareja inaufanyia nini uchumi wa mkoa mzima. Majina nimeyaacha, watu wapo na wanaendelea na shughuli zao. Na bei nitakazotaja kwenye mahesabu chukulieni ni za mfano tu, zinapanda na kushuka kila wiki.

Tuanze na sukari maana ndo iliyowasha moto. Wanaokumbuka Januari mpaka Machi 2024 wanajua, mvua za El Niño zilipiga mfululizo, miwa ikashindikana kuvunwa, viwanda vikashusha uzalishaji na sukari ikaadimika nchi nzima. Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi lakini madukani kilo ilipita 4,000 sehemu nyingi. Sisi huku sukari tunaletewa, inatoka Moshi kwa TPC, inatoka Mtibwa, Kilombero, Kagera, kwahiyo ikipungua huko sisi wa mwisho wa barabara tunaisikia mapema. Mzee wa jumla akaanza kugawa kwa kipimo, duka hili mfuko mmoja, duka lile mifuko miwili, na ukitaka wa ziada basi uchukue na bidhaa nyingine iliyomdodea stoo, ambayo na wewe utakaa nayo mpaka ipate vumbi. Watu wakakasirika, na Ramadhani hiyo inabisha hodi, na mnajua Tanga Ramadhani bila sukari ni ugomvi nyumba nzima, uji hakuna, kalimati hakuna, mtu afuturu nini.

Sasa kuna mama mmoja ana duka pale, mtaa mzima wanamwita mama duka na mimi nitamwita hivyo hivyo. Mtoto wa dada yake yuko Kariakoo anafanya kazi kwenye duka la jumla, akawa anamtumia bei kwenye WhatsApp. "Mama mdogo, hii katoni ya sabuni wewe unauziwa ngapi huko? Mbona huyo mzee anakumaliza!" Na kweli ukiweka bei mbili pembeni kwa pembeni inauma. Tuseme katoni Ngamiani ni 24,000, Kariakoo ni 22,300, nauli ya mzigo kwenye lori iwe 500 kwa katoni, bado umebaki na 1,200. Katoni moja sio kitu, ila mtu anayetoa katoni hamsini sitini kwa mwezi, za sabuni, majani, biskuti, viberiti, tambi, hiyo ni kodi ya fremu. Akawaambia jirani zake, jirani wakawaambia jirani zao, kikundi kikazaliwa. Hakukuwa na katiba wala mwenyekiti, hela inakusanywa Jumamosi, mtu anapanda basi Kange, Jumatatu anazunguka Kariakoo, Jumatano mzigo umefika.

Miezi miwili mitatu ya kwanza ilikuwa raha tupu. Bei za Makorora zikashuka kidogo kuliko mitaa ya jirani, watu wa Mikanjuni na Msambweni wakaanza kuvuka kuja kununua, na mama duka akaongeza shelfu. Ningekuwa naandika mwezi Mei mwaka ule pengine ningewasifia tu na kuishia hapo.

Kabla ya kuendelea lazima nieleze duka kama hili linafanya kazi gani hasa, maana watu wengi wanadhani kazi yake ni kuuza. Kuuza ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kukata vitu vikubwa kuwa vidogo vinavyolingana na mfuko wa mtu wa siku hiyo. Tanga ina watu wa mishahara, wa bandarini, wa simenti kule Pongwe, walimu, wauguzi, lakini wengi wetu tunaishi kwa hela ya leo. Mvuvi anayeshusha samaki Deep Sea anapata leo kesho hapati, bodaboda vile vile, dada wa genge vile vile. Huyu hawezi kununua mafuta lita tano hata kama ni nafuu zaidi kwa lita, anataka mafuta ya kupima ya jero, sukari robo, sabuni kipande, majani ya mia mbili, na luku ya buku. Duka ndo linalobeba mzigo wa kununua kwa katoni na kuuza kwa kijiko. Alaf juu ya hapo kuna daftari. Kila duka la mtaa lina daftari la madeni, na kwenye lile daftari ndo utaiona hali ya mtaa kuliko ripoti yoyote, nani mshahara umechelewa, nani kauguza, nani mtoto kachaguliwa bweni.

Kwahiyo mwenye duka anakopesha, sawa. Na yeye anakopa wapi?

Hapa ndo tunafika kwa mzee wa jumla. Yule mzee ana duka na stoo Ngamiani kwenye zile barabara za namba, biashara ya ukoo hiyo, na miaka yote alikuwa anatoa mali kauli. Kwa asiyejua, mali kauli ni unachukua mzigo leo bila kutoa hela, unauza, unalipa baada ya wiki au mbili kwa makubaliano ya mdomo. Hakuna fomu, hakuna dhamana, hakuna picha ya nyumba yako inayopigwa na afisa mikopo, kuna kujuana tu. Ile 1,200 ya katoni ambayo mpwa wa Kariakoo aliiona kama wizi, ndani yake mulikuwa na riba ya huo mkopo, mulikuwa na kodi ya stoo, mulikuwa na guta linalokufikishia mzigo mlangoni, na mulikuwa na hasara ya wale wachache wanaochukua mzigo na kuhama mtaa. Mama duka alikuwa analipa bima bila kujua ni bima. Kariakoo hawamjui, na kwanini wamjue, pale ni hela mkononi, mzigo mkononi, anayefuata.

Juni 2024 mambo yakageuka. Tarehe 24 wafanyabiashara wa Kariakoo wakafunga maduka kulalamikia kodi na usumbufu wa ukaguzi, mgomo ukaenda siku kadhaa na ukagusa miji mingine. Haikuwa mara ya kwanza, Mei 2023 walishafunga vile vile, ila safari hii Makorora walikuwa na hela yao yote huko. Mtu wao alishaondoka na michango, akakuta milango imefungwa, akakaa kwa ndugu Dar anasubiri, na huku Tanga shelfu zinapungua kila siku. Unaweza kusema ni bahati mbaya ya wiki moja. Kweli ni wiki moja, lakini mtaji wa duka dogo unazunguka kwa wiki moja, hela ikisimama wiki duka limesimama wiki. Wateja wa kulipa taslimu wakaenda duka lenye vitu, na wateja wa daftari nao wakaenda huko huko, tena hao wakiwa na deni wanaona aibu kurudi, kwahiyo unakuwa umempoteza mteja na hela yake.

Mama duka akafanya wanachofanya wengi, akaenda kwenye mikopo ya kausha damu. Hili jina walilitunga wenyewe wakopaji na halihitaji maelezo. Unapewa leo, marejesho kila siku au kila wiki, ukichelewa siku wanakuja kukaa mlangoni mbele ya wateja. Ukipiga hesabu, alichookoa kwenye katoni miezi mitatu kilimezwa na riba ya mkopo mmoja. Kuna watu watasema angeenda benki, au angechukua ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ya 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Sawa, lakini ile inataka kikundi kilichosajiliwa, inataka mchakato, na sukari imeisha leo. Uharaka ndo bidhaa anayouza kausha damu, na mzee wa jumla alikuwa anautoa huo huo uharaka bila kuja kukaa mlangoni kwa mtu.

Mpaka hapo ni habari ya maduka. Sasa njoo upande wa pili ambao wengi hawakuuona kabisa, na kwangu mimi ndo kiini cha kisa chote.

Mzee alipopoteza maduka ya Makorora hakufunga biashara, alipunguza. Vijana wa kupakia na kushusha wakapungua, guta moja likauzwa. Haya yanaonekana. Kisichoonekana ni kenta yake, lile lori dogo la mizigo. Ile gari ilikuwa ikitoka Tanga na sabuni, chumvi, viberiti, mafuta ya kula, inapita Muheza, Korogwe, Mombo, inashushia maduka ya vijijini, mengine inapanda nayo mpaka Lushoto. Haikuwa inarudi tupu. Ikirudi inabeba mchele wa Mombo pale kwenye skimu ya umwagiliaji, inabeba maharage na viazi vya Usambara, na huo mzigo wa kurudi ndo uliokuwa unauzwa kwa kina mama duka wa Makorora. Umeona mzunguko ulivyo? Nauli ya kenta inalipwa na safari zote mbili, kwenda na kurudi. Makorora wakiacha kununua sabuni kwake wanaacha na mchele, kwasababu ukifuata katoni Kariakoo utafunga na mchele huko huko, ukiwa umeshalipia lori. Mzee akipungukiwa wanunuzi wa mchele mjini, kenta haiendi kila wiki, inasubiri mzigo ujae. Ikichelewa kwenda, mkulima wa maharage anamuuzia dalali wa kwanza kupita kwa bei ya dalali. Mkulima huyo akipata kidogo, na lile duka la kijijini kwake linauza kidogo, na sabuni inayopanda na kenta inapungua. Mtu kapunguza bei ya sabuni Makorora, maumivu yametokea Usambara, na hakuna hata mmoja aliyekusudia.

Ndo maana nasema tukitaka kujua duka lina faida gani kwa mkoa tusiulize linauza shilingi ngapi. Tuulize linafunga mzigo wapi.

Chukua elfu kumi ya mteja pale kaunta. Akinunua sukari, sabuni ya kiwandani, unga wa ngano na juisi ya boksi, kinachobaki Tanga ni faida ya duka, pengine buku au chini ya hapo, na kidogo ya jumla kama mzigo umepitia jumla ya Tanga. Hiyo nyingine inapanda lori usiku kuelekea Dar. Waja leo waondoka leo, tunawaambia wageni kwa kujivuna, kumbe hela zetu ndo zinafanya hivyo. Akinunua mchele wa Mombo, nazi, maharage, dagaa na maziwa, hesabu inageuka, sehemu kubwa inabaki kwa mkulima wa Korogwe, mkwezi wa Pangani, mvuvi, mfugaji, na hao kesho yake wananunua kwenye duka la kwao. Rejareja ni hiyo hiyo, kaunta ni ile ile, elfu kumi ni ile ile.

Maziwa ni mfano ninaoupenda. Tanga Fresh inakusanya maziwa ya wafugaji wadogo kupitia vyama vyao vya ushirika, na umoja wao, TDCU, una hisa kwenye kiwanda. Watu wakisifia wanasifia kiwanda na ng'ombe. Lakini maziwa hayangoji, kiungo cha mwisho ni friji la duka la mtaa na umeme usiokatika. Duka likitoa friji kwasababu bili imekuwa kubwa, au likajaza soda tupu kwasababu zinalipa haraka, kuna lita mahali fulani zitakosa pa kwenda. Wenye maduka wenyewe hawajioni kama sehemu ya ufugaji, ila ndo sehemu yenyewe.

Na machungwa ni mfano unaoniudhi. Muheza ina machungwa mpaka msimu ukikolea yanaoza chini ya mti, wanunuzi kutoka Kenya wanakuja na malori mpaka shambani, wanapanga bei, wanapakia, wanavuka Horohoro. Ingia sasa duka lolote Tanga mjini uliza juisi, utapewa boksi lililotengenezwa mbali kabisa na Muheza. Kutoka hapa mpaka Muheza ni kilomita arobaini hivi jamani! Sio kosa la mwenye duka, hawezi kuuza juisi ambayo haijawekwa kwenye chupa, na anayeweza kuiweka kwenye chupa anataka kwanza awe na uhakika maduka yatachukua. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Wazee hapa wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mpaka 1964 nchi ilikuwa inazalisha kama tani 230,000, sehemu kubwa kutoka mkoa huu. Mshahara wa manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, ulikuwa unageuka khanga, mafuta, sukari kwenye maduka ya mashambani na ya mjini, Ngamiani ikashiba. Nyuzi za plastiki zikaja, mashamba yakataifishwa 1967, uzalishaji ukaporomoka, na maduka yakaporomoka nyuma yake. Duka halikuua mkonge wala lisingeweza kuuokoa. Halafu tulijaribu kuiendesha rejareja kwa amri, Shirika la Biashara la Taifa la 1967, likavunjwa 1973 yakazaliwa makampuni ya biashara ya mikoa, yale ya RTC, 1976 ikaja Operesheni Maduka vijijini, maduka binafsi yafungwe yawe ya ushirika. Matokeo waliyaishi wenyewe, foleni za sabuni, sukari ya kugawiwa kwa kaya, ulanguzi, msako wa walanguzi wa 1983, mpaka milango ilipoanza kufunguliwa 1984. Nalitaja hili kwa ajili ya wale watakaosoma hapa na kusema basi serikali ilazimishe watu wanunue Tanga. Hapana. Hilo tulishalifanya.

Wapo pia wanaosema dawa ni supamaketi kubwa, mkulima auze moja kwa moja, usafi, bei moja. Sina ugomvi na supamaketi, ila nchi hii tumeziona, Shoprite wakaondoka 2014 wakiiachia Nakumatt, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache mbele, na kila inapofungwa kuna wasambazaji wadogo wanaobaki na ankara mkononi. Duka la mangi, hili dogo la mtaani, halijawahi kufunga nchi nzima kwa siku moja. Likifa, linakufa moja, la jirani linachukua wateja.

Turudi kwenye kisa, kuna jambo la kodi nisilisahau. Mzee wa jumla ana leseni ya hapa, analipa ushuru wa huduma kwa Halmashauri ya Jiji la Tanga, anatoa risiti za EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Mzigo ukifungwa Kariakoo ushuru ule unabaki huko. Barabara ya Makorora yenye mashimo kwa sehemu inategemea mapato ambayo Makorora wenyewe wameyahamishia Dar, alaf tunalalamika mashimo. Na wao njiani walipata tabu ya risiti, mzigo wa watu wengi umeandikwa kwa jina la mmoja, ukisimamishwa maelezo yanakuwa marefu. Wengine wa kikundi wanafanya mauzo madogo tu kwa mwaka, walikuwa wanalipa kodi ya makadirio wamemaliza, sasa jina la yule aliyetumwa likaonekana lina manunuzi ya mfanyabiashara mkubwa. Hilo lilileta ugomvi kuliko hata mgomo, na sitaingia ndani zaidi maana ni la kwao.

Kwenye takwimu za taifa, biashara ya jumla na rejareja inachangia kama asilimia 8 au 9 ya pato, iko chini sana ya kilimo, na kwa namba hiyo ni rahisi kuidharau. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, jiji peke yake karibu laki 4, na macho yote yako bandarini iliyochimbwa kina, na kwenye bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaloishia Chongoleani. Hela za miradi hii zinaingia kweli. Mafundi wanapanga vyumba, wanakula, wanaweka vocha, na wenye nyumba wameshaanza kupandisha kodi za fremu na kutaka kilemba, ile hela ya juu ya kuachiwa fremu, kama cha mjini Dar. Swali ni lile lile la mama duka. Fundi wa bomba akitoa elfu kumi kaunta, inalala Tanga usiku mmoja au inazunguka mara tatu nne kabla haijaondoka? Ujenzi una mwisho, mafundi watahama, na kitakachobaki ni mtandao wa watu wa jumla na rejareja tutakaokuwa tumeujenga au kuuvunja kipindi hela ipo.

Yalivyoisha sasa. Mpaka Agosti kikundi kilishakuwa nusu, na Januari 2025, ada na sare za shule, kikafa chenyewe. Walioanza kurudi kwa mzee hakuwatukana, ila hakuwapa kauli siku ya kwanza, aliwaambia lipeni taslimu kwanza mwezi, tuone. Mama duka alienda na mdogo wake wa kiume kama mtu wa kusuluhisha, mzee akamwambia, "Mwanangu, ungeniambia bei ya Kariakoo ningekupigia hesabu mbele yako. Ulinikimbia kama mimi mwizi." Naye akamjibu bila kupepesa, "Ami, na wewe ile sukari ulitufanyia sivyo." Sawa sawa. Mzee alikuwa na kosa lake na naona bila ile hasira ya sukari kikundi kisingezaliwa. Mtu akiwa peke yake kwenye njia, akikubana huna pa kwenda, na mkoa wenye watu wa jumla watatu wanaoaminika ni bora kuliko mwenye mmoja, hata kama huyo mmoja ni mcha Mungu.

Kilichobadilika ni bei. Sasa mzee ana bei mbili, zimeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, ya taslimu na ya kauli. Anayelipa papo hapo anakaribia ya Kariakoo ukitoa nauli, anayechukua kauli anajua analipia nini. Zamani zote zilichanganywa kwenye bei moja, mwenye hela anamlipia asiye na hela bila kuambiwa, na ndo huyo mwenye hela aliyekimbia wa kwanza. Naona hapa ndo palikuwa na kasoro ya kibiashara tangu mwanzo, na ingerekebishwa mapema kwa karatasi moja na peni.

Sio kila kitu kilirudi Ngamiani na wala si lazima. Vyombo vya plastiki, vipodozi, chaja za simu, hivi mzee hana na havijui, mpwa wa Kariakoo ndo anafunga na kuvipandisha basi, na mama mdogo wake anamlipa kamisheni kwenye simu. Mchele, maharage, sabuni, chumvi na mafuta vinatoka kwa mzee. Wawili kati ya wale wa kikundi walikataa kabisa kurudi, mmoja wao ana mtaji mkubwa na anafanya vizuri tu kwa Kariakoo, ila yeye daftari alishalifunga, dukani kwake kopa ni marufuku, kibao kipo. Wateja wake ni wa mishahara.

Kenta imeanza kwenda Mombo kila wiki tena. Guta lililouzwa halijarudi, na deni la kausha damu mama duka alilimaliza mwezi wa nne mwaka ule wa 2025, kwa hela ya mauzo ya Ramadhani na Idi.